Umepunguzwa kazini Uingereza? Ichambue barua kabla ya kusaini

Barua ya kupunguzwa kazini huwa na jumla moja ya pesa mwishoni, na wengi husaini kwa kutazama jumla hiyo tu. Ndani yake kuna mafungu manne: mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuchukua, notisi, na kiinua mgongo (redundancy pay, malipo ya kupunguzwa kazini). Mwambie mwajiri akuandikie kila fungu peke yake. Hesabu ya kiinua mgongo sheria inamlazimu akupe kwa maandishi, kwa hiyo huombi fadhila.

Kiinua mgongo cha kisheria ni haki ya mwajiriwa aliyetimiza miaka 2 mfululizo kwa mwajiri mmoja. Kila mwaka kamili uliofanya ukiwa chini ya umri wa miaka 22 unalipwa nusu ya mshahara wa wiki. Kati ya 22 na 40, wiki 1. Kuanzia 41, wiki 1 na nusu. Huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho, na miaka haizidi 20. Mshahara wenyewe ni ule wa kabla ya makato, ila una kikomo. Kikomo kilichoanza 6 Aprili 2025 kwa England, Scotland na Wales kilikuwa pauni 719 kwa wiki. Hubadilishwa kila Aprili, kwa hiyo tumia cha mwaka uliopunguzwa.

Chukua mtu wa miaka 44, amefanya miaka 9, analipwa pauni 600 kwa wiki. Miaka 3 ya mwisho inampa wiki 4.5, ile 6 iliyotangulia wiki 6. Jumla ni wiki 10.5, yaani pauni 6,300. Fungu hili halikatwi kodi hadi pauni 30,000. Likizo na notisi hukatwa, na hapo usishtuke.

Wanaopunjwa zaidi ni wenye zamu zisizo sawa. Wastani wao hutolewa kwenye wiki 12 zilizotangulia notisi, na wiki ambayo hukulipwa chochote hurukwa, ikachukuliwa ya nyuma yake. Toa karatasi zako za mshahara upige hesabu mwenyewe.

Notisi ya chini ni wiki 1 ukishafanya kazi mwezi mmoja. Ukifikisha miaka 2 ni wiki 1 kwa kila mwaka kamili, mwisho wiki 12. Mkataba wako unaweza kukupa zaidi. Mwajiri akikutoa leo bila notisi ukiwa umebakiza siku chache kutimiza miaka 2, wiki ile ya notisi ya kisheria huongezwa kwenye tarehe yako ya mwisho. Siku hizo chache zinaweza kukuvusha, na waajiri wengi hawalitaji hilo.

Ukipewa nafasi nyingine hapo hapo kazini, una wiki 4 za kuijaribu. Ukiikataa kazi inayokufaa bila sababu ya maana, kiinua mgongo kinapotea.

Wenye viza ya Skilled Worker, ile ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri, hunyamaza wakidhani kudai kutawaharibia. Kiinua mgongo si msaada wa serikali. Sharti la kutopokea fedha za umma halikigusi. Mwajiri huiarifu Home Office, wizara inayosimamia viza, ndani ya siku 10 za kazi, nayo kwa kawaida hukupunguzia viza hadi siku 60. Siku hizo husomwa kwenye barua ya Home Office, si kuanzia siku uliyotoka kazini, kwa hiyo hakikisha anwani na barua pepe walizonazo ni za sasa.

Asipolipa, mwandikie kwanza, kisha fungua usuluhishi kwa Acas, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, ambao ni bure na ni lazima kabla ya kwenda Employment Tribunal, yaani mahakama ya kazi. Dai la kiinua mgongo lina miezi 6. Madai mengine yana muda mfupi zaidi, basi usivuke miezi 3 kasoro siku moja.

Kampuni ikifilisika, dai lako huenda Redundancy Payments Service, idara ya serikali inayolipa badala ya mwajiri aliyefilisika. Mwombe msimamizi wa ufilisi namba ya kesi inayoanza na herufi CN. Bila hiyo fomu ya mtandaoni haikupeleki mbele.