Unataka kusoma historia ya dini chuo? Pitia hapa kwanza

Watu wengi wanaingia kozi hii wakidhani ni kozi ya dini, halafu semesta haijafika hata nusu wameshaanza kununa. Tuwekane sawa mapema: huku hakuna anayekufundisha kusali na hakuna anayekutaka uache kusali. Dini ipi ni ya kweli, hilo swali sio la darasa hili. Tunachouliza ni nani waliamini nini, wapi, lini, waliishije na majirani zao, nani alikuwa na hela, nani alikuwa anapigwa. Muumini anasoma na akafaulu, asiyeamini vilevile, na wote wawili wanafeli kwa kosa lile lile, kutetea upande badala ya kuchunguza.

Kazi yenyewe hasa ni kusoma nyaraka, na hapa ndipo uweke nguvu zako zote. Chukua barua ya Pliny, gavana wa Kirumi huko kaskazini mwa Uturuki ya leo, aliyomwandikia mfalme Trajan mwaka 112 hivi. Anauliza awafanye nini Wakristo. Anasema wanakutana siku maalumu kabla jua halijachomoza, wanamwimbia Kristo kama mungu, na ili apate ukweli zaidi amewatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na cheo kwenye kundi lao. Ukisoma haraka haraka utaandika "Wakristo walikuwa wanasali alfajiri" ukafunga daftari. Sasa rudia taratibu. Nani anaandika? Mkubwa wa serikali anayetaka aonekane kazi imemkaa. Habari kazipataje? Kwa mateso na kwa watu waliokwisha ikana imani. Halafu mwishoni anagusia kitu ambacho wengi wanakiruka, kwamba nyama ya wanyama wa kafara ilikuwa karibu haina wanunuzi na sasa imeanza kuuzika tena. Yaani kumbe kulikuwa na biashara inayumba kwa kuwa watu walipunguza kutoa kafara! Sentensi moja ya nyama inakufungulia uchumi wa mji mzima, mahekalu, wafugaji, wauzaji, na huenda hata hao waliokuwa wanawachongea Wakristo kwa gavana.

Swali lingine la kubeba kila siku ni hili: kundi hili tunalijua kwa mdomo wa nani? Arius, yule padri wa Aleksandria ambaye mafundisho yake yalikataliwa kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325, maneno yake mengi yametufikia kwa sababu maadui zake waliyanukuu ili wayapinge, sasa hapo pima mwenyewe. Wagnostiki, vikundi vya kale vilivyotafuta wokovu kwa maarifa ya siri, kwa sehemu kubwa walikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka 1945, wakulima walipofukua vitabu vya Kikopti (lugha ya zamani ya Misri) karibu na Nag Hammadi, Misri, ndio watu wakaanza kuwasoma kwa wingi kwa maneno yao wenyewe.

Na usiishie kwenye viongozi na mafundisho, jumuiya ni watu wa kawaida. Wayahudi wa Fustat, Kairo ya zamani, hawakutupa ovyo karatasi ambayo huenda ina jina la Mungu, wakawa wanazirundika kwenye chumba cha sinagogi la Ben Ezra kwa karne na karne. Humo zimetoka zaidi ya karatasi na vipande 200,000, sala zipo, lakini pia mikataba ya ndoa, madeni, barua za wafanyabiashara wanaolalamikia mizigo kuchelewa, mambo ya ubia na Waislamu. Hayo huyapati kwenye kitabu cha sheria za dini, maana sheria inakwambia watu walitakiwa waisheje, na ukiona kitu kinakatazwa kila baada ya miaka michache ujue kilikuwa kinafanyika sana tu.

Lugha anza mwaka wa kwanza, usisubiri tasnifu. Chagua kwa kuangalia jumuiya unayoitaka: Kigiriki kwa Wakristo wa mwanzo, Kipali au Kisanskriti kwa Wabudha wa India, Kiarabu kwa Waislamu. Angalia na mitego, mfano barua nyingi za Fustat ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, mwenye Kiebrania peke yake anakodoa tu macho.

Nadharia za wanasosholojia wa dini, akina Durkheim na Weber, utakutana nazo upende usipende. Zisome uzielewe, ila usizimwage kwenye kila asaimenti, maprofesa wameshachoka.

Ukienda kuongea na waumini walio hai, omba ruhusa, sema wewe ni nani na unatafuta nini, na usiwasahihishe dini yao hata kama umesoma historia yake kuliko wao.

Mada ya tasnifu ibane. "Wanawake katika Uyahudi" hiyo sio mada, hiyo ni maktaba nzima. "Bwana harusi wa Fustat karne ya 12 aliahidi nini kwenye mkataba wa ndoa", hapo sawa, kuna mahali, kuna muda na kuna rundo la karatasi linalojulikana liko wapi. Kabla hujampelekea msimamizi wako hakikisha nyaraka zipo kweli, unaweza kuzisoma, na unaweza kuzifikia. Sehemu kubwa ya hizo za Fustat iko Cambridge na picha zake nyingi zimewekwa mtandaoni bure, unaweza kuanza leo usiku.