Mtihani wa Nyumba za Kijani: Kwa Mtu wa Kisumu au Nakuru Aliye Marekani

Kama ulizaliwa Kisumu, Nakuru au Kakamega na sasa unafanya kazi ya mjengo Marekani, iwe useremala, umeme, mabomba au kuchora ramani, huenda umeshasikia wasimamizi wa saiti wakitaja LEED AP Homes. Ni cheti cha utaalamu wa nyumba za kuishi zinazojengwa kwa kujali nishati, maji na afya ya wakaaji, chini ya LEED, mfumo wa Marekani wa kupima majengo ya kijani, na mtihani wake husimamiwa na GBCI, shirika linalotoa vyeti hivyo. Watu wetu wakiufikiria mtihani huo huogopa Kiingereza na hesabu. Mimi nawaambia waogope kwanza nyumba yenyewe. Nyumba inayotahiniwa ni ya mbao, imezibwa kila upande, imejazwa insulesheni ukutani, yaani vitu vya kuzuia joto lisipite, na kuwekewa mashine ya kuivutia hewa. Sisi tumekulia katika nyumba za matofali na mabati, zenye matundu ya hewa juu ya madirisha. Ukikariri majibu bila kuielewa nyumba ile, swali likigeuzwa kidogo tu umepotea.

Mambo ya usajili ni mepesi. Hupati LEED AP kabla ya kufaulu LEED Green Associate, cheti cha hatua ya kwanza, ingawa unaruhusiwa kufanya mitihani yote miwili siku moja. Kama unatoka zamu ya usiku, itenganishe. Kila mmoja una maswali 100 ya kuchagua jibu na saa 2 za kuyajibu. Alama huanzia 125 hadi 200, na anayefika 170 amefaulu. Swali lililoachwa wazi halikupi kitu, kwa hiyo jaza yote. Kabla ya kununua kitabu, hakikisha kinalingana na toleo la mtihani uliojiandikishia, maana LEED v5 ilizinduliwa 2025 na vitabu vya v4 bado vimejaa sokoni. Halafu kuna majina. Pasipoti ya Kenya ina majina matatu, leseni ya udereva ya huko ina mawili, na akaunti ya mtihani uliifungua kwa jina la ubatizo na la mume. Jina la kwenye akaunti lazima lifanane na la kwenye kitambulisho utakachobeba, la sivyo unaweza kurudishwa mlangoni. Lirekebishe wiki hii.

Sasa nyumba. Songa ugali Minneapolis mwezi wa Januari, madirisha yamefungwa, kisha tazama kioo. Mvuke wa sufuria umekutana na kioo baridi ukawa matone, na matone yanateremka hadi kwenye fremu ya mbao. Fikiria basi mvuke huohuo ukipenya kwenye tundu la soketi, ukaingia ndani ya ukuta na kukutana na ubao uliopoa. Huko hakuna wa kupangusa. Ubao unalowa, unaota kuvu, unaoza, na wakaaji wanaweza kuanza kukohoa kabla hawajajua kilichoharibika. Ukishaliona hilo, nusu ya somo umelipata: kwa nini ukuta unazibwa usipitishe hewa, kwa nini feni ya bafuni lazima itoe mvuke nje kabisa badala ya kuumwaga darini, kwa nini jiko linahitaji kivuta moshi chenye bomba linalotoka nje, na kwa nini nyumba za kuishi zina kiwango chao cha uingizaji hewa, ASHRAE 62.2, kilichowekwa na chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi. Usikichanganye na 62.1, hicho ni cha maofisi na majengo ya aina hiyo. Houston mambo hugeuka. Nje kuna fukuto kama la Kisumu mvua ikikaribia, ndani kuna kiyoyozi, kwa hiyo mvuke husafiri kutoka nje kuja ndani. Anayejua sababu atajibu swali la mji wowote.

Kipimo cha uvujaji wa hewa nacho usikisome kitabuni pekee. Mlango wa mbele huzibwa kwa kitambaa kigumu chenye feni, feni ikavuta hewa kwenda nje mpaka tofauti ya shinikizo ifike paskali 50, halafu hupimwa ni hewa kiasi gani inayopita. Tuseme nyumba ina mita za ujazo 300 na feni inapitisha mita za ujazo 900 kwa saa. 900 gawa kwa 300 ni 3. Hiyo ndiyo 3 ACH50, yaani hewa yote ya nyumba hubadilika mara 3 kwa saa kwenye paskali 50, kikomo ambacho kanuni ya nishati ya majengo, IECC, iliweka katika toleo la 2012 kwa sehemu kubwa ya Marekani, huku maeneo ya joto zaidi yakiruhusiwa 5. Wajenzi wa Passive House, nyumba zinazotumia nishati kidogo mno, hujibana hadi 0.6. Omba ruhusa usimame karibu siku nyumba ya saiti yenu inapopimwa, uweke kiganja mbele ya soketi ya ukuta wa nje. Utausikia upepo ukiingia. Dakika hizo chache zina faida kuliko sura nzima ya kitabu.

Jua pia linatuchanganya. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta: mwezi wa Juni jua la adhuhuri huelekea kaskazini kidogo, Desemba huelekea kusini, na siku zote liko juu sana. Kinachotuunguza ni jua la asubuhi na la alasiri kwenye kuta za mashariki na magharibi. Minneapolis, iliyo karibu na digrii 45 kaskazini, jua la adhuhuri Desemba huinuka digrii 21 na ushei tu, na Juni hufika kama 68. Ndiyo maana huko dirisha la kusini ni mali: paa likichomoza kwa kipimo kinachofaa, jua la kiangazi linazuiwa na la majira ya baridi linaingia mpaka sebuleni. Chora picha hiyo kwa mkono wako, mara kadhaa, hadi uweze kuichora bila kufikiri.

Kwenye maji, kwa upande mwingine, tunakuja tukiwa tumekomaa. Aliyewahi kununua maji kwa jerikeni Nyalenda au Manyatta hahitaji kufundishwa thamani yake. Ajifunze galoni tu, ambayo ni karibu lita 3.8. Choo cha kawaida cha kulinganishia hutumia galoni 1.6, yaani lita 6, kila kikivutwa, na chenye WaterSense, nembo ya Marekani ya vifaa vinavyookoa maji, hakizidi 1.28, yaani lita 4.8. Bafu la manyunyu linashuka kutoka galoni 2.5 kwa dakika hadi 2.0. Kote pungufu ni asilimia 20. Uvunaji wa mvua nao umo katika somo hili, na mama mwenye gata na tangi Kakamega anaufanya kila siku: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25 hupokea lita 2,500, na ukiondoa inayopotea unabaki na kama 2,000. Watu wa Nakuru wana sababu ya ziada ya kuipenda mvua, kwa vile visima vingi vya eneo hilo vina floraidi nyingi. Inaniuma kuona mtu wetu akidhani maarifa haya ni ya kijijini na hayana nafasi kwenye chumba cha mtihani.

Kwa kusoma, ningekushauri utafute msikilizaji nyumbani. Jumapili saa 2 usiku Kisumu ni saa 5 asubuhi Minneapolis wakati wa baridi. Mpigie fundi unayemheshimu Kondele, umweleze kwa Kiswahili kwa nini nyumba inapimwa kwa feni, au HERS ni nini: kipimo cha matumizi ya nishati ambacho 100 ni nyumba ya kulinganishia iliyotoka kwenye kanuni za 2006, na 0 ni nyumba inayozalisha nishati yote inayotumia. Fundi atauliza maswali makali kuliko ya mwalimu. Palipokushinda kueleza ndipo pa kurudi kusoma. Na wanaouza maswali yaliyoibwa kwenye chumba cha mtihani, wakwepe. Cheti cha namna hiyo kinaweza kufutwa hata baada ya kukipata.

Ukishafaulu, LEED AP inadai saa 30 za masomo kila miaka 2, na Green Associate saa 15. Anza kuzihesabu mapema.

Kama nia yako ni kujenga nyumbani, ongeza EDGE, cheti cha majengo ya kijani cha IFC, tawi la Benki ya Dunia, ambacho kampuni ya Acorn imekitumia kwa hosteli zake za wanafunzi Nairobi. Kinataka nyumba iokoe angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati au kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, ikilinganishwa na ujenzi wa kawaida wa hapo hapo. Programu yake ya kompyuta haina malipo mtandaoni. Chukua ramani ya nyumba unayotaka kumjengea mzazi Ahero au Njoro, ijaze humo, kisha badilisha kitu kimoja kimoja: paa jeupe, dirisha dogo upande wa magharibi, matofali ya kushindilia badala ya kuchoma. Tazama tarakimu zinavyosogea kabla hujatuma hela ya msingi.