Jinsi ya kusoma kile ambacho sentensi ya Kiingereza haijakisema

Kuna kipindi niliomba kazi nikajibiwa "We'll keep your CV on file", maneno yote nayajua, nikakaa karibu miezi mitatu nasubiri simu. Kumbe nilishakataliwa kwa adabu. Iliniuma sana, ndo maana naandika hii, manake shuleni tunakaririshwa tensi na msamiati lakini hili la maana iliyojificha hatuambiwi.

Cha kwanza, jiulize kwa nini mtu kachagua neno hili wakati lipo jepesi zaidi. Chukua "I finished the report" na "I managed to finish the report". Zote ripoti imeisha, ila hiyo ya pili inakwambia jamaa kahangaika, labda umeme ulikatika, labda muda ulikuwa mdogo, ni kama sisi tunavyosema "nimefanikiwa kumaliza", hamna anayesema hivyo kwa kazi ya dakika mbili. "You could have told me" nayo haiongelei uwezo wako, hapo unalaumiwa, ni ileile "si ungeniambia!" ya kwetu. Na "Even Juma passed" ujue hakuna aliyetegemea Juma afaulu.

Halafu kuna "Some of the students passed". Unaelewa kuna waliofeli, ila haijasemwa popote. Mwanafalsafa Paul Grice, kwenye makala yake iliyochapishwa 1975, alieleza hivi: tunachukulia kwamba anayeongea anatupa taarifa ya kutosha, so kama wangepita wote angesema "all". Na kuna kipimo chake nakipenda sana, ongeza kipande cha kuifuta ile maana uone. "Some passed, in fact all of them did" inakubali, basi lilikuwa dokezo tu. "She managed to finish but she didn't finish" inagoma kabisa, kwa hiyo kumaliza kumo ndani ya neno lenyewe.

Angalia pia nani anasema na yuko wapi. Bosi akikuandikia "You might want to check this again", usione ni hiari, irudie hiyo kazi leo.

Fanya zoezi kila siku kwenye daftari, upande mmoja alichosema, upande wa pili alichomaanisha. Anza na hii: mtu kaulizwa "Did you like the food?" akajibu "Well, the rice was nice." Mboga je?