Jinsi ya kukagua tablo ya zamani Lubumbashi kabla ya kuilipia

Mnunuzi akikuta tablo (picha za kuchorwa kwa rangi) mbili za mamba muntu, yaani mwanamke nusu samaki, zinazofanana kwenye nyumba mbili, huamua haraka kwamba moja ni ya kughushi. Hapo ameshapotea. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970 waliirudia mamba muntu, na Colonie Belge pia (picha ya mateso ya enzi za ukoloni wa Wabelgiji), kwa kila mteja aliyeitaka, na zote ni kazi halali za mikono yao. Kwa hiyo picha iache kwanza, ukague kitambaa, misumari na rangi.

Beba kioo cha kukuza mara 10, tochi ya mionzi ya urujuanimno ya nanomita 365, futi kamba na simu.

Geuza tablo uanze na mgongo. Nyingi zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Chungulia chini ya mbao za fremu: kitambaa kilichofichwa na ubao kwa miaka mingi hubaki cheupe kuliko cha katikati, na vumbi hujaa ukingo wa chini. Mghushi anayezeesha kitambaa kwa chai hulowesha kote, kwa hiyo hata chini ya ubao ni kahawia, na doa lina mzingo mweusi pale maji yalipokaukia. Msumari wa siku nyingi huingiza kutu ndani ya nyuzi. Ukiona msumari una kutu na kitambaa kinachouzunguka ni safi, umegongwa juzi. Ila fremu hubadilishwa kwa nia njema pia, basi tafuta matundu ya misumari ya kwanza. Na gunia kuukuu peke yake halithibitishi lolote, kwani mghushi naye hulitafuta.

Soma maandishi ukiwa na kalenda kichwani. Mji uliitwa Élisabethville hadi 1966. Nchi ya Kongo iliitwa Zaïre kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa 1947. Tablo yenye “Zaïre 1969” inajishtaki yenyewe.

Kwa kazi za Hangar, karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, angalia mkono. Bela, mmoja wa wachoraji wake, alichora kwa vidole. Ncha ya kidole ikibonyeza, rangi husukumwa pembeni: katikati panabaki pembamba, ukingo unainuka. Alama ya brashi huwa na mifereji ya nywele. Mwenzake Mwenze Kibwanga alijaza umbo kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Anayenakili huenda polepole akiogopa kukosea, na mstari wake hutetemeka au kunenepa mwishoni.

Kisha sahihi. Chini ya kioo, rangi ya sahihi ikiwa imetiririkia ndani ya nyufa, iliandikwa baada ya nyufa kutokea. Palipo na vanishi ya zamani inayong'aa kwa tochi, nyongeza ya baadaye huonekana kama doa jeusi. Tablo nyingi za mitaani hazina vanishi, kwa hiyo tochi isipoonyesha kitu usifurahie.

Usisugue rangi kwa spiriti, hata muuzaji akikuhimiza. Akriliki hulainika hata ikiwa ya zamani, kwa hiyo utaiharibu kazi bila kujua umri wake.

Mwisho, wizi. Pima kimo na upana bila fremu, piga picha mbele, nyuma, sahihi na kila mchaniko, kisha tafuta kwenye ID-Art, programu ya bure ya Interpol iliyotoka 2021. Tablo isipokuwemo, bado haijasafishika, maana nyingi huibwa bila kuripotiwa. Ukikuta mgongoni namba iliyokwanguliwa au karatasi iliyobanduliwa, usilipe hata arbuni. Peleka picha hizo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi kwanza.