Namna ya kupima kama ruzuku inakuza au inadumaza uchumi wa kijiji: mfano wa Bagamoyo

Ubishi wa kijiweni kuhusu ruzuku, yaani fedha za kunusuru kaya maskini, hauishi. Mmoja atasema zinawalemaza watu, mwingine atasema bila hizo maduka yangefungwa. Jambo hili linahesabika. Watu wawili wakijipanga wanaweza kulimaliza katika kijiji kimoja kwa wiki kumi, wakiwa na daftari mbili, mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo na barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji. Majina ya kaya yasiandikwe popote. Tumia namba.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kijiji cha pili, cha kulinganisha na hicho cha kwanza. Bila hicho utaona biashara imechangamka baada ya malipo na usijue kama ni ruzuku, mavuno au sikukuu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), unaotoa fedha hizo, ulipojaribu ruzuku yenye masharti mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 80 viligawanywa nusu kwa nusu: 40 vilianza kulipwa, 40 vilisubiri, ili pawe na cha kulinganisha. Leo mpango umeenea, kwa hiyo hutapata kijiji kisicho na mlengwa hata mmoja. Tafuta chenye walengwa wachache kwa kila kaya mia, lakini kinachofanana na cha kwanza kwa riziki. Mlingotini, kijiji cha pwani chenye wakulima wa mwani, na kijiji cha wakulima wa bara havilinganishiki, hata kama viko wilaya moja.

Anza wiki tatu kabla ya dirisha la malipo, yaani siku za kuwalipa walengwa, ambalo kwa utaratibu hufunguka kila baada ya miezi miwili. Wengi huanza siku ya malipo yenyewe, na hapo kazi nzima imeshaharibika. Sababu iko kwenye daftari la madeni la Mangi, mwenye duka. Mwenye duka akijua kaya fulani italipwa karibuni, hukopesha unga, sukari na sabuni mapema. Siku fedha zinapoingia, mama anafika dukani, jina lake linakatwa kwa wino mwekundu, anaondoka na kibiriti tu. Ukiwa umesimama hapo utaandika "ruzuku haikununua kitu", wakati imenunua chakula cha wiki tatu zilizopita. Kwa hiyo muulize Mangi mambo mawili kila Jumamosi: jumla ya mauzo ya taslimu na jumla ya madeni mapya. Yajumlishe. Madeni yaliyolipwa yaandike pembeni na usiyaingize kwenye mauzo, la sivyo utahesabu unga uleule mara mbili. Maduka matano kwa kijiji yanatosha, na mojawapo liwe genge la mboga.

Kwenye bei ndipo mizani inafanya kazi. Hoja ya wapinga ruzuku ni kwamba fedha nyingi zikiingia kwa mpigo, bei hupanda na wasiolengwa huumia. Inawezekana, lakini usiipime kwa kuuliza bei. Fungu la dagaa la shilingi 1,000 litabaki la shilingi 1,000 mwaka mzima. Kinachopungua ni dagaa. Pima mafungu matatu kwa wauzaji tofauti, chukua wastani wa gramu, kisha gawa 1,000 kwa wastani huo upate bei ya gramu moja. Nyanya hivyo hivyo. Mafuta ya kupima nayo yana hila yake, kwa sababu kipimo kimoja kina ujazo mmoja na cha duka la jirani kina mwingine. Nenda na chupa yako yenye alama za mililita.

Dagaa wanahitaji uangalifu zaidi. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishamiri hupungua na bei hupaa, ruzuku iwepo isiwepo. Dirisha la malipo likiangukia mwezi mpevu, bila kalenda utaitwisha ruzuku lawama ya mwezi. Linganisha giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi. Bidhaa inayotoka Dar es Salaam, kama sembe au sukari, haitarajiwi kupanda sana kwa sababu ya kijiji kimoja, maana Mangi huagiza mzigo mwingine tu. Ikipanda, angalia kwanza barabara na idadi ya maduka. Pale penye duka moja, mwenye duka ndiye anayekula ongezeko.

Sasa suala la uvivu. Swali "unafanya kazi?" halifai, maana kila mtu atasema ndiyo, hasa anayeuliza akiwa mjumbe wa serikali ya kijiji ambaye mlengwa anahofia anaweza kuliondoa jina lake kwenye orodha. Muulizaji awe mgeni. Aulize siku saba zilizopita, siku moja moja: jana ulikuwa wapi asubuhi, juzi je? Rudia mara mbili, moja wakati wa bamvua na nyingine wakati wa maji mafu. Mkulima wa mwani huingia baharini maji yakitoka sana, na wiki ya maji mafu yuko nyumbani akianika na kufunga kamba za mbegu. Ukimkuta siku hizo ukaandika "hana kazi", ripoti yako itakuwa kichekesho pale Mlingotini.

Kipimo cha pili cha uvivu ni ujira. Kama ruzuku inawaondoa watu kazini, wenye kazi watasubiri vibarua kwa siku nyingi zaidi au watalazimika kuongeza malipo. Waulize wasimamizi wa mashamba ya chumvi na wenye mashamba ya mananasi: kibarua wa mwisho mlimlipa kiasi gani, na mlimtafuta siku ngapi? Ujira ukipanda, yaandike yote mawili: hasara kwa mwajiri na faida kwa kibarua. Kuita hilo "madhara kwa uchumi" bila kutaja upande wa pili ni kuchagua upande, si kupima. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 wa programu saba katika nchi sita zinazoendelea haukuona ushahidi unaojirudia kwamba ruzuku hupunguza kazi. Hiyo haimaanishi kijiji chako kitafuata. Inamaanisha anayedai uvivu ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha.

Baada ya hapo fuata shilingi. Hapa kuna mfano wa kaya moja, namba ni za kufundishia. Imepokea 40,000: deni la Mangi 12,000, unga 8,000, dagaa na mboga 6,000, madaftari ya shule 5,000, kuku wawili wadogo kwa jirani 5,000, kikoba 4,000. Sasa uliza kila kimoja kimebakiza kiasi gani mikononi mwa watu wa kijijini. Kwenye deni ni faida ya Mangi tu, tuseme 1,500, kwani zilizobaki zimerudi kwa mwenye jumla Kariakoo. Unga 800. Dagaa na mboga 5,000, baada ya kutoa mafuta ya taa na barafu. Madaftari 700. Kuku 5,000 zote. Kikoba 4,000, ukizihesabu kama mkopo wa mwanachama mwingine atakayezitumia hapohapo. Jumla 17,000, yaani sehemu 0.425 ya ruzuku.

Ukichukulia kwamba kila anayepokea naye hutumia kwa uwiano huo, gawa 1 kwa (1 kutoa 0.425). Unapata takriban 1.74. Ruzuku ya 40,000 imezaa kipato cha karibu 69,600 kijijini, ikiwemo yenyewe. Usitumie mauzo mahali pa kipato, kwani namba itafura bure. Angalia pia kinachoisukuma: kuku na dagaa vinabakiza karibu kila kitu, sembe inapita tu. Kijiji kisichozalisha chochote kitapokea ruzuku asubuhi na kuisafirisha jioni.

Kule Siaya, Kenya, utafiti uliohusisha vijiji 653, ambako kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, ulikadiria namba inayolingana na hiyo 1.74 kuwa kama 2.5, na bei zilipanda kwa sehemu ndogo mno, asilimia 0.1 hivi. Usiihamishe namba hiyo Bagamoyo. Zile zilikuwa fedha nyingi kutoka nje. Ruzuku inayotokana na kodi ina mtu aliyekatwa, na ya mkopo ina mtu atakayelipa. Kama sehemu ya fedha imetoka kijijini humohumo, itoe kabla ya kushangilia 1.74.

Fao la kukosa ajira la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) lipime peke yake, kwa kuwa linatokana na michango, asilimia 20 ya mshahara kati ya mwajiri na mwajiriwa. Kwa kanuni ya msingi, aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi bila kuacha mwenyewe hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Mwenye mshahara wa 450,000 hupata kama 150,000 kwa mwezi. Hapa swali ni moja: je, watu hupata kazi mpya kwa wingi pale fao linapoelekea kuisha? Tafiti za Marekani na Ulaya zimeona ongezeko la namna hiyo. Andika tarehe ya kuachishwa na ya kuajiriwa tena, kwa watu wasiopungua 40. Chini ya hapo huoni kitu. Kisha jihadhari na hoteli za ufukweni: wanaopunguzwa wakati wa masika, Aprili au Mei, huitwa tena wageni wakirudi Juni au Julai. Hao wamerudi kazini fao likiwa bado na miezi mitatu au minne mbele. Waweke kwenye safu yao, na wanaobaki, wale ambao hawana mwajiri wa kuwaita, ndio watakaokuonyesha kama wiki ya 24 hadi ya 28, pale fao linapoisha, ina watu wengi walioajiriwa kuliko za kabla yake.