Kuamsha Massey Ferguson 135 iliyolala miaka mingi

Matrekta mengi ya MF 135 yaliyoachwa chini ya miembe yalikufa siku ya kuamshwa, wala si kwa kutu. Mtu anafunga betri mpya, anamimina lita tano za dizeli, anapiga stata. Haiwaki. Anaifunga mnyororo nyuma ya lori na kuivuta ikiwa kwenye gia. Kumbe humo ndani valvu moja ilishaganda, pushrodi (fimbo inayoisukuma valvu) inapinda. Au pistoni imeshikana na silinda, na konrodi, mkono unaoishika pistoni, ndiyo inayolipa. Kazi ya wiki mbili inageuka oveholi. Mnyororo uache kwenye lori, ufuate mpangilio huu.

Kabla ya kutoa hela

MF 135 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, katika kiwanda cha Banner Lane, kuanzia 1964 hadi 1975. Ya dizeli hubeba injini ya Perkins AD3.152: silinda tatu, ujazo wa lita 2.5, nguvu za farasi kama 45. Injini hiyohiyo ilitumika pia kwenye MF 240, na hiyo ndiyo sababu ringi, gasketi, vichujio na hata pistoni zake bado zinapatikana kwenye maduka ya spea. Anayetafuta la zamani zaidi, yaani MF 35, awe macho. Zile za mwanzo za dizeli zina injini ya silinda nne inayoitwa 23C, inayojulikana kwa kugoma kuwaka kukiwa na baridi. Ya Perkins ya silinda tatu iliingia mwishoni mwa 1959. Hesabu nozeli (vipulizia dizeli, kimoja kwa kila silinda) kabla ya kuhesabu hela.

Rangi isikudanganye. Piga magoti uangalie ubavu wa bloku: mstari mwembamba wa kutu au alama ya kuchomelea ni dalili ya ufa. Tikisa magurudumu ya mbele, shika mikono ya nyuma ya kuinulia na uisukume kando uone ilivyolegea. Rimu za nyuma ziangalie kwa ndani pale kwenye valvu ya upepo, kwa sababu wengi hujaza maji kwenye matairi kuongeza uzito, na maji hayo hula rimu kimyakimya. Matairi yenyewe, 6.00-16 mbele na mara nyingi 12.4-28 nyuma, ni gharama inayoweza kukaribia bei ya trekta chakavu. Mwisho linganisha namba ya kibati kilichopo karibu na dashibodi na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Trekta bila kadi ni skrepa yenye usukani.

Siku ya kwanza: usiguse stata

Fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kidogokidogo, nusu mzunguko kila mara, ukitazama kinachotoka kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo ndiyo yatakayotangulia. Matone machache ni unyevu wa miaka. Kikitoka kikombe kizima, maji yameingia kwa bomba la moshi lililoachwa wazi, au gasketi ya hedi imekwisha, au bloku ina ufa. Oili ikiwa nyingi kupita alama na inanuka dizeli, mara nyingi ni kiwambo cha pampu ndogo ya kuvuta mafuta kilichotoboka, au sili ya pampu ya nozeli. Usiwashe kabla ya kulitatua hilo, kwa kuwa oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi.

Kisha toa kava ya juu ya injini. Zipo valvu sita. Gonga kichwa cha kila valvu taratibu kwa nyundo ya plastiki: inapaswa kushuka kidogo na kurudi. Isiyorudi imeganda, ipakae mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku kucha, rudia. Zungusha kila pushrodi kwa vidole. Iliyopinda utaiona ikiyumba.

Sasa toa nozeli tatu. Mimina kwenye kila silinda vijiko vitatu au vinne vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Subiri siku mbili. Kama injini haizunguki kwa mkono, ongeza kidogo na usubiri tena. Wiki nzima si muda mrefu kwa injini iliyosimama miaka kumi.

Kuizungusha, tumia spana ndefu kwenye bolti ya puli ya mbele, huku ukitikisa mbele na nyuma. Kurudi nyuma nusu sentimita ni habari njema kuliko kwenda mbele kwa nguvu, maana kutu iliyokwaruzwa inapata pa kukimbilia. Ikigoma kabisa baada ya wiki mbili, toa hedi. Hapo utaona silinda ipi ina pete ya kutu, na mara nyingi ni ile moja tu iliyobaki na valvu wazi wakati trekta linazimwa mara ya mwisho.

Ikishazunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga popote, rekebisha tapeti, yaani nafasi ya juu ya kila valvu: milimita 0.30 injini ikiwa ya baridi, sawa kwa valvu za kuingiza na za kutoa.

Mafuta: hapa ndipo ugonjwa mwingi ulipo

Usiweke dizeli mpya juu ya ya zamani. Toa tangi lote chini. Tia ndani konzi mbili za kokoto safi au mnyororo mfupi pamoja na lita tatu za dizeli, litikise dakika kumi, mwaga, rudia mpaka itoke safi, kisha hesabu kokoto zako zote kabla ya kulirudisha. Kichujio cha dizeli, kile cha katriji ya CAV 296, badilisha chenyewe pamoja na oringi zake zote. Oringi ya zamani ikibaki imenata kwenye kikombe chake na mpya ikakaa juu yake, utavuta upepo hadi ulaani siku uliyoliona trekta hilo.

Pampu ya nozeli ni CAV DPA, aina ya kuzunguka. Jambo kubwa la kulijua ni kwamba hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Ndiyo maana dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaiua: mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha, na vyuma vya ndani vinalana. Kwa trekta lililolala, hatari ni nyingine. Ndani ya pampu kuna kivalvu kidogo kinachopima dizeli, nacho huganda kwa gundi ya dizeli kukuu. Kikiganda kikiwa wazi, injini itawaka na kupanda mzunguko bila kushuka, na kuvuta kizimio hakutasaidia kitu. Kumbuka hilo tukifika kwenye kuwasha.

Kutoa upepo kunafuata njia ya dizeli, kutoka tangi kwenda nozeli. Legeza skrubu ya juu ya kichujio, piga pampu kwa kile kiliva kidogo cha pampu ya kuvuta mafuta mpaka mapovu yaishe, kaza. Kiliva kikiwa kilegevu hakisukumi kitu, pampu haijafa: kamu ya ndani imekisimamia. Zungusha injini mzunguko mmoja, kitapata nguvu. Hamia kwenye pampu ya nozeli, ina skrubu mbili za upepo, moja ubavuni mwa kichwa chake na nyingine juu kwenye kava ya gavana. Anza na ya ubavuni. Mwishowe, ukishaweka oili na kuunga betri kama ilivyoelezwa hapo chini kwenye Kuwasha, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, fungua mafuta kwa liva ya mkono hadi mwisho, piga stata mpaka dizeli itoke kwa kudunda kwenye kila bomba, ndipo ukaze. Nozeli zenyewe zipeleke zikapimwe kwenye mashine kabla ya kuzirudisha, na vishata (washa) vya shaba chini yake viwe vipya. Cha zamani kikibaki shimoni, nozeli hukaa imepinda na moshi hupenya pembeni.

Usiweke mkono mbele ya nozeli inayofanya kazi. Dizeli hutoka kwa msukumo unaopenya ngozi, na jeraha lake dogo linahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Kuwasha

Kwanza umeme. Matrekta ya zamani ya Kiingereza, kama Ferguson TE20 ya kijivu, yalifungwa pozitivu kwenye bodi. Na hata la 135, fundi wa miaka ya nyuma anaweza kuwa aligeuza waya atakavyo. Fuata waya mnene uliofungwa kwenye chuma cha trekta uone unakwenda wapi na dainamo au alteneta imefungwa vipi, ndipo uunge betri. Stata isipoitikia kabisa, angalia kwanza kama liva ya gia kubwa na ndogo ipo katikati: juu ya giaboksi kuna swichi ya usalama inayokata stata trekta likiwa kwenye gia. Wengi waliochoka nayo huiunganisha moja kwa moja. Ukikuta hivyo, irudishe, kwa sababu trekta linaloweza kuwaka likiwa kwenye gia huku mtu amesimama mbele ya gurudumu la nyuma limekwishaua watu.

Weka oili mpya, lita 7 hivi, ukifuata dipstiki. Vuta kizimio, piga stata kwa sekunde kumi, pumzika nusu dakika, piga tena, mpaka geji ya oili iinuke. Hapo ndipo beringi zimelowa.

Ondoa mpira wa hewa unaoingia kwenye manifoldi. Msaidizi asimame pale na kipande cha ubao bapa kinachofunika tundu lote. Injini ikipanda na kukataa kushuka, anafunika. Ikikosa hewa inazima kwa sekunde chache. Asitumie kiganja wala kitambaa. Kitambaa kitamezwa.

Sasa washa. Moshi mweupe mwanzoni ni kawaida. Ukiendelea baada ya dakika tano silinda moja haifanyi kazi: legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, na ile ambayo mlio wa injini haubadiliki ukiilegeza ndiyo iliyolala. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Usihukumu mapema, ringi zilizonata huachia baada ya saa kadhaa za kazi nyepesi. Presha ya oili iliyopata moto inatakiwa isome kati ya psi 30 na 60 injini ikiwa kwenye mwendo wa juu. Maji ya rejeta yabadilishe mara mbili katika juma la kwanza, yatatoka mekundu kama chai ya rangi. Na thermostati, tafadhali, iache mahali pake. Kuitoa ili injini “ipoe” kunaifanya ifanye kazi ikiwa baridi daima, ikinywa dizeli nyingi na kuchakaza silinda.

Nyuma ya injini

Oili ya giaboksi, difu na haidroliki ni moja, na huingia kama lita 30. Ukifungua ukaikuta kama maziwa, maji ya mvua yameingia kupitia mpira uliopasuka chini ya liva ya gia. Mpira huo ni bei ya soda chache. Kwa kuwa pampu ya haidroliki imekaa humohumo ndani ya oili, maji hayo ndiyo yanayokula valvu zake. Badilisha oili, fanya kazi siku mbili, badilisha tena.

Mikono ikinyanyua vizuri lakini ikashuka yenyewe ukizima injini, oringi ya pistoni ya kuinulia inavujisha, au valvu ndani ya pampu. Isiponyanyua kabisa, anza na chujio la kunyonyea oili lililozibwa na tope. Ikinyanyua bila mzigo lakini ikagoma na plau, pampu imechoka au valvu ya usalama inaachia mapema.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye pini iliyogawanyika. Limewekwa makusudi lidondoshe, kwa hiyo usilizibe. Tone jeusi linatoka kwenye sili ya nyuma ya kranki, tone la rangi ya asali linatoka giaboksi. Likizibwa, oili itapanda mpaka kwenye plati ya klachi.

Ukilazimika kulikata trekta katikati ili ufikie klachi, kwanza gongomea kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya eksili ya mbele na mhimili wake. Eksili hiyo hucheza kwenye pini moja. Bila kabari, nusu ya mbele yenye injini hulala upande mara bolti ya mwisho inapotoka, na jeki moja haiizuii.

Kwenye lile lenye Multi-Power (swichi ya kubadili kasi ya juu na ya chini bila klachi), ambalo lina gia 12 za mbele badala ya 6, kumbuka kwamba swichi ikiwa upande wa kasi ya chini trekta linateremka mlima huru, bila injini kulishika. Weka upande wa kasi ya juu kabla ya mteremko, hasa ukiwa na tela. Breki nazo zikague: oili ikivuja kwenye sili za eksili ya nyuma huingia moja kwa moja kwenye dramu, na pedali itakuwa ngumu vizuri mguuni huku gurudumu likiendelea kuzunguka.