Somo: Kukagua modeli ya ndege ya bei nafuu kabla ya kufungua gundi

Modeli ya plastiki ya bei ya chini si lazima iwe mbovu. Nyingine ni za bei rahisi kwa sababu kalibu yake (umbo la chuma linaloipa plastiki sura ya vipande) ilikwisharudisha gharama zamani, na bado inatoa vipande safi. Nyingine zina picha nzuri juu ya boksi tu. Katika ukaguzi, tenga kasoro zinazotibika na zisizotibika. Basi.

Hatua ya 1: Jua umri wa kalibu. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye boksi. Kalibu ni chuma, hudumu miongo mingi na huuzwa na kukodishwa kati ya makampuni. Modeli za ndege za kampuni ya Matchbox zilianza kutoka miaka ya 1970, na baadaye nyingi zikarudi sokoni ndani ya maboksi ya kampuni nyingine, Revell. Tovuti ya Scalemates huonyesha modeli ilikotoka na kama kalibu ni mpya au ni boksi jipya tu. Mistari ya mabati (inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege) iliyonyanyuka badala ya kuchimbwa mara nyingi ni dalili ya uzee, ingawa Matchbox walichimba mifereji yenye kina kupita kiasi tangu enzi hizo.

Hatua ya 2: Pima. Mabawa ya Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza, yalikuwa mita 11.23 toka ncha hadi ncha. Kama modeli ni ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, gawanya kwa 72, unapata karibu milimita 156. Milimita moja ikipungua, mimi nasamehe. Umbo la pua likikosewa sisamehi, maana jicho hulikuta kila siku.

Hatua ya 3: Kagua fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande) kwenye mwanga wa pembeni. Hapa usiwe na haraka. Inamisha fremu polepole, kivuli kitakuonyesha vibonyeo mahali plastiki ilipo nene, hasa kwenye shina la bawa. Vibonyeo hivyo puti inavimaliza. Utando mwembamba kwenye kingo unakwanguliwa kwa kisu. Alama za duara zinazoachwa na pini za kalibu hazina shida zikiwa ndani ya bodi. Zikiwa kwenye mlango wa tairi ulio wazi, jiandae kwa kazi.

Kisha tazama mguu wa tairi. Ukiona ngazi ndogo inayoufuata kwa urefu wote, pande mbili za kalibu hazikukaa sawa. Ukipiga msasa mpaka ngazi iishe, mguu uliokuwa duara unakuwa bapa. Ngazi ya aina hiyo hunifanya nirudishe boksi.

Hatua ya 4: Kioo cha rubani. Kiweke juu ya maandishi uone kama yanasomeka. Unene kidogo unavumilika, na mikwaruzo husafishwa kwa msasa laini na dawa ya kung'arishia. Ufa au mapovu ndani ya plastiki, hakuna dawa.

Hatua ya 5: Unganisha bila gundi. Funga nusu mbili za bodi kwa selotepu, ingiza mabawa, angalia mwanya kwa juu na kwa chini. Mwanya wa unene wa karatasi ni wa kawaida.

Maswali ya wanachama

*Bawa limepinda. Nitupe?*
Hapana, ndugu. Litie kwenye maji ya moto yasiyochemka, linyooshe taratibu kwa vidole, kisha litie kwenye maji baridi ukiwa umelishikilia. Rudia mara kadhaa kuliko kulazimisha mara moja.

*Stika za maji zimekuwa njano.*
Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, uubandike dirishani penye jua. Siku kadhaa hadi wiki chache, unjano hupungua. Kabla ya kuzitumia, jaribu stika moja usiyoihitaji. Ikivunjika majini, paka karatasi nzima vanishi angavu, ikauke, kisha ukate kila stika kwa kufuata umbo lake.

*Vipande havina pini za kulenga (za kukutanisha nusu mbili). Ni feki?*
La. Kalibu za uzalishaji mdogo mara nyingi huachwa bila pini, na huenda ndiyo njia pekee ya kupata ndege adimu. Bandika vipande vya plastiki ndani ya ukingo mmoja ili vishike nusu ya pili. Kama ndiyo modeli yako ya kwanza, anza na nyingine.

*Plastiki ikiwa laini sana?*
Unapotoa kipande kwenye fremu, kata mbali nacho, kisha punguza kwa kisu kidogo kidogo. Ukikata karibu, plastiki laini huchanika na kuacha shimo.